Safari ya Kwaresima: Yerusalemu, Roma, Camino, jangwani au kubaki nyumbani?

Kuna Mkristo ambaye, Jumatano ya Majivu ikikaribia, haulizi tena "mwaka huu nijinyime nini?" bali "niende wapi?" Ameshaacha vitamu, ameshazima televisheni, na kila mara siku arobaini zimepita zikamwacha palepale. Sasa anataka kuondoka. Si swali la ajabu, maana masomo ya Kwaresima yamejaa watu walio njiani. Dominika ya kwanza tunamkuta Yesu jangwani. Ya pili tunapanda naye mlima anakogeuka sura, na katika mwaka A wa masomo, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa, siku hiyohiyo Abrahamu anaambiwa aache nchi yake na nyumba ya baba yake. Eliya alitembea siku arobaini, mchana na usiku, hadi Horebu. Luka naye, akifika sura ya 9, anasema Yesu "aliukaza uso wake kwenda Yerusalemu", na kuanzia hapo sehemu kubwa ya Injili yake ni safari.

Tatizo ni kwamba watu wengi huchagua hija ya Kwaresima kwa kipimo cha mtalii: wapi pana mengi ya kuona. Mimi nashauri kipimo cha kinyume. Uliza safari itakunyang'anya nini. Usingizi? Starehe ya mwili? Maneno? Kusifiwa? Kwaresima ni majira ya kupunguza, na safari inayokuongezea tu, hata kama ni ya kwenda kwenye kaburi la Bwana, ni likizo iliyovaa rozari.

Nitalinganisha safari nne, na chaguo la tano la mtu asiyesafiri kabisa. Nitazipima kwa yale matatu ya Mathayo 6 yanayosomwa Jumatano ya Majivu, yaani sadaka, sala na kufunga, pamoja na jambo moja ambalo wapangaji wa safari hulisahau: kalenda. Mlutheri na Mwanglikana, ambao nao hushika Kwaresima, wataona mengi ya haya yanawahusu, ingawa mifano mingi ni ya Kikatoliki na ya Kanisa la Mashariki.

Yerusalemu

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, au saa kumi nyakati za kiangazi, Wafransisko huongoza Njia ya Msalaba kupitia Via Dolorosa, barabara ambayo mapokeo husema Yesu aliipita na msalaba wake. Wao ndio waliokabidhiwa na Papa Klementi VI mwaka 1342 kuyalinda mahali patakatifu kwa niaba ya Wakatoliki. Maandamano huanzia kwenye ua wa shule ya Umariya, upande wa Waislamu katika Mji Mkongwe, hupenya kwenye vichochoro vya soko, na vituo vitano vya mwisho huwa ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Usitegemee kimya. Wenye maduka wanaita wateja, mikokoteni inataka njia, watu wanapita na mizigo yao. Mhujaji aliyekuja na picha ya utulivu kichwani huanza kununa mapema, kituo cha tatu au cha nne. Sidhani kama Ijumaa ile ya kwanza palikuwa na utulivu zaidi.

Ukiingia kanisani, kulia kwa mlango kuna ngazi za mawe zenye mwinuko mkali. Zinapanda Golgotha. Juu kuna altare zilizopangana: ya Walatini, yaani Wakatoliki, ambako hukumbukwa kupigiliwa misumari, na ya Wagiriki, yaani Waorthodoksi, ambako hukumbukwa kifo. Chini ya altare ya Wagiriki kuna tundu la duara. Unapiga magoti, unainama kabisa mpaka kichwa kiingie chini ya meza, unapitisha mkono tunduni, na vidole vinakuta mwamba. Nyuma yako kuna foleni, kwa hiyo ni sekunde chache tu. Maneno mazuri uliyoyaandaa hayapati nafasi.

Kinachonyang'anywa hapa ni ile hali ya kudhani Kanisa ni lako. Wagiriki, Walatini, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Wahabeshi wanagawana jengo hilo kwa utaratibu uliothibitishwa na amri ya sultani wa Kituruki mwaka 1852, saa kwa saa na nguzo kwa nguzo. Wamonaki wa Ethiopia wanaishi juu ya paa lake. Ufunguo wa mlango mkuu umeshikwa kwa karne nyingi na familia za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh. Mtu akitoka pale bado anaamini namna yake ya kusali ndiyo pekee, basi hakuangalia.

Udhaifu wa Yerusalemu ni vifurushi vya safari. Basi lenye kiyoyozi, hoteli yenye milo mitatu, mahali patakatifu sita kwa siku, dakika ishirini kila mahali. Kufunga kunakuwa kwa jina tu. Tena wengi hulenga Juma Kuu, wakati umati ni mkubwa na polisi wanafunga barabara. Ushauri wangu: nenda wiki ya pili au ya tatu ya Kwaresima, punguza orodha kwa nusu, na tenga siku nzima kwa ajili ya Yeriko. Juu ya mji huo kuna Mlima wa Majaribu, na monasteri ya Wagiriki iliyobandikwa kwenye jabali, mahali ambapo mapokeo husema Yesu alifunga. Tangu mwaka 1998 kuna magari ya kebo yanayopanda huko. Kama magoti yanaruhusu, panda kwa miguu. Na kabla ya kulipa chochote soma tahadhari za usafiri za serikali yako, kwa sababu hali ya usalama katika eneo hilo hubadilika ghafla na bima nyingi hazilipi mtu aliyeonywa.

Ningependa kila anayekwenda huko amjue Egeria, mwanamke kutoka magharibi aliyefika Yerusalemu miaka ya 380 na kuwaandikia dada zake kila alichokiona. Anaeleza kwamba huko mfungo ulikuwa wa majuma manane, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hawakufunga, isipokuwa Jumamosi Kuu. Kisha anaongeza jambo ambalo kwangu linazidi maelezo yake yote ya maandamano: hakuna aliyeambiwa afunge kiasi gani. Kila mtu alifanya alivyoweza. Aliyefanya zaidi hakusifiwa, na aliyefanya kidogo hakulaumiwa. Kamera zetu zingemshangaza.

Roma

Ukiniuliza safari iliyo ya Kwaresima hasa, kwa umbo lake na si kwa umaarufu wake, nitakutajia Roma. Si Roma ya hadhara ya Papa na foleni ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, bali Roma ya makanisa ya vituo. Tangu karne za kwanza askofu wa mji huo alikuwa akizunguka na watu wake, kila siku ya mfungo wakikutana kwenye kanisa jingine. Papa Gregori Mkuu aliupanga utaratibu huo mwishoni mwa karne ya 6. Alhamisi zilikuwa wazi mpaka Gregori II alipozijaza karne ya 8. Orodha iliyobaki ndiyo inayofuatwa hadi leo: Jumatano ya Majivu Santa Sabina, Alhamisi San Giorgio in Velabro, Ijumaa Santi Giovanni e Paolo, Dominika ya kwanza Basilika la Laterani, Jumatatu San Pietro in Vincoli, na kuendelea mpaka Pasaka.

Maana yake kwa msafiri ni hii: hupangi chochote. Kila asubuhi kanisa la siku limeshachaguliwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kazi yako ni kufika. Wanafunzi na mapadre wa Chuo cha Kipapa cha Amerika Kaskazini wana desturi ya kutembea kabla ya mapambazuko hadi kanisa la kituo, na Misa kwa Kiingereza huanza saa moja asubuhi siku za kazi; yeyote anaweza kuingia. Jioni kanisa hilohilo huwa na ibada ya Kiitaliano, mara nyingi ikianza na maandamano na litania ya watakatifu. Unachagua moja. Katikati unabaki na siku nzima ya mtu wa kawaida mjini.

Kinachonyang'anywa ni usingizi, na uhuru wa kwenda unakotaka. Inasikika ndogo. Jaribu asubuhi ya nane, mvua ya Machi ikinyesha, kanisa la leo liko ng'ambo ya mji na la kesho liko mbali zaidi, na wote mnaotembea hamsemi kitu. Safari nyingine zina kilele kinachokuvuta mbele. Hii haina kilele mpaka Juma Kuu. Ni uaminifu mdogo unaorudiwa, na ndiyo maana naiona inafanana na mfungo wenyewe kuliko nyingine zote.

Tena inafundisha kutazama vitu vidogo. Santa Sabina iko juu ya kilima cha Aventino, na huko ndiko Papa anapopaka majivu baada ya maandamano mafupi kutoka Sant'Anselmo. Mlango wake mkuu ni wa mbao, wa karne ya 5. Kati ya vipande 28 vya nakshi vimebaki 18, na kimoja, juu kabisa upande wa kushoto, ni kidogo kuliko unavyotarajia: wanaume watatu wamesimama na mikono wazi, wa katikati mkubwa kuliko wenzake, misalaba haionekani vizuri. Ni mojawapo ya picha za kale zaidi za kusulubiwa zinazojulikana duniani. Watu humiminika ndani kupata majivu wasiuone. Simama kidogo nje kwanza.

Kuna jambo jingine la Roma linaloingia moja kwa moja katika ulinganisho huu. Dominika ya nne, Dominika ya Furaha, na tena Ijumaa Kuu, kituo ni Santa Croce in Gerusalemme. Mapokeo husema Mtakatifu Helena alileta udongo kutoka Yerusalemu ukawekwa chini ya kanisa hilo. Kwa hiyo Mroma wa zamani asiyekuwa na meli wala afya alikwenda Yerusalemu kwa miguu, akarudi kulala kwake. Anayehangaika kwamba kuchagua Roma ni kuikosa Nchi Takatifu, na alikumbuke hilo.

Ila Roma inataka muda. Siku tatu za vituo ni kuonja tu. Wiki mbili ndiyo nusu ya maana yake, na mtu mwenye likizo fupi ni afadhali achague wiki ya kwanza kamili, tangu Majivu mpaka Jumatano inayofuata, kuliko Juma Kuu, ambalo mji unajaa na bei za vyumba hupanda. Walio dhaifu wa miguu wasiogope: mabasi yapo, na wengi wa wazee huyatumia.

Kuhusu sadaka, hakuna safari kati ya hizi inayokukutanisha na maskini mara nyingi hivi. Mlangoni pa makanisa hayo mara nyingi kuna mtu ameketi. Ukipita kila asubuhi kwa majuma mawili utaanza kuwafahamu baadhi yao kwa sura, na kuwapita bila salamu kutakuwa kugumu.

Camino de Santiago

Camino ni njia za kale za mahujaji kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Hapa mwili ndio unaofunga. Njia maarufu zaidi, ile inayoitwa ya Wafaransa, hutoka Saint-Jean-Pied-de-Port chini ya milima ya Pyrenees mpaka Santiago de Compostela, takriban kilomita 780, na watembeaji wengi huimaliza kwa siku 30 hadi 35. Hesabu inavutia: ukianza Jumatano ya Majivu unaweza kufika kabla ya Dominika ya Matawi. Wengi wanaotaka safari ya siku arobaini kwa maana halisi huishia kuichagua hii.

Camino inanyang'anya vitu kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza vitu vya begi: siku ya tatu mtu anaacha jozi ya viatu, shati la tano, kitabu kizito. Kisha kiburi cha mwendo, malengelenge yakitokea kwenye kisigino na bibi wa miaka sabini akikupita kwa salamu. Kisha mazungumzo. Siku za mwanzo kila mtu anaeleza kwa nini amekuja, na baadaye wote wanaongea habari za miguu. Anayelalamika kwamba sala yake imekauka, kwamba maneno yote ameshayasema, mara nyingi namshauri Camino, kwa sababu huko sala inaweza kuwa hatua tu.

Sasa kalenda. Kwaresima huangukia Februari, Machi na Aprili, na Camino ya majira hayo si ile ya picha za mashamba ya kijani. Njia ya juu ya Pyrenees, inayoitwa ya Napoleon, hufungwa tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, na mahujaji hupelekwa kwenye njia ya bonde kupitia Valcarlos. Cruz de Ferro, ambako watu huacha jiwe walilobeba kutoka kwao, iko juu ya mita 1,500. Theluji si ajabu huko, wala O Cebreiro, kijiji cha mlimani mbele yake. Hosteli nyingi za mahujaji hazifunguki mpaka Pasaka, kwa hiyo unaweza kufika kijijini jioni ukakuta mlango umefungwa. Kwa mtu mwenye uzoefu wa baridi, upungufu huo wenyewe ni zawadi. Asiye na uzoefu asijaribu peke yake.

Anayetaka masafa marefu bila theluji nyingi aangalie Vía de la Plata, kutoka Sevilla, takriban kilomita 1,000. Joto la kiangazi huifanya iwe ngumu Julai na Agosti, lakini Februari hadi Aprili ndio wakati wake. Anayetaka fupi anaweza kuanzia Tui, mpakani mwa Ureno, au Sarria, kwa kuwa cheti cha Compostela kinadai angalau kilomita 100 kwa miguu, au 200 kwa baiskeli, na mihuri katika pasipoti ya mhujaji. Sarria wakati wa Juma Kuu, hata hivyo, hujaa Wahispania walio likizoni. Ningeiepuka wiki hiyo.

Kuhusu kufunga chakula, tumia akili. Sheria ya Kanisa Katoliki hudai mfungo siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa sitini, na kujinyima nyama siku za Ijumaa kuanzia miaka 14. Anayetembea kilomita 25 kwa siku na begi mgongoni asijiongezee mfungo wa kishujaa juu yake. Ale vizuri, alale mapema, na ajinyime simu. Huo ni mgumu zaidi.

Kasoro yake? Lengo la njia hii ni kaburi la Mtume Yakobo, si Mateso ya Bwana, na watembeaji wenzako wengi si wahujaji wa dini. Ibada ya Kwaresima utaibeba mwenyewe: masomo ya siku mfukoni, Misa ya jioni pale padre anapopatikana. Usipoibeba, utakuwa umefanya matembezi mazuri.

Jangwani

Mlima Sinai una mita 2,285. Njia ya zamani ya kuupanda ni ngazi za mawe zinazohesabiwa 3,750, huitwa Ngazi za Toba, na njiani kuna lango la mawe ambako mapokeo yanasema mmonaki Stefano aliketi kuungamisha mahujaji kabla hawajaendelea kupanda. Chini yake ni monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justiniani karne ya 6, na sala haijakoma humo tangu hapo. Wengi hupanda usiku kwa njia ya ngamia ili waone jua likichomoza, wanapiga picha na kushuka. Wewe panda mchana kwa ngazi, ukiwa na kiongozi wa Kibedui, maana bila kiongozi hawaruhusu. Beba nguo nzito: Februari baridi ya usiku huko hushuka chini ya sifuri.

Lakini jangwa la kweli la Kwaresima ni kukaa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Monasteri za Wakopti za Wadi Natrun, kati ya Cairo na Aleksandria, ni nne zilizo hai hadi leo, kati yake ya Mtakatifu Makario na ya Mtakatifu Bishoi, na umonaki wa huko ulianza karne ya 4. Mfungo Mkuu wa Wakopti ni wa siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai. Mara nyingi huo ndio wakati monasteri zinapopunguza wageni au kuwafungia kabisa, wamonaki wenyewe wapate kimya. Uliza kwa barua mapema, na ukiambiwa hapana, shukuru. Wamekuonyesha Kwaresima ni nini. Monasteri yoyote ya Wabenediktini au Watrapisti inayopokea wageni wa mafungo inaweza kukupa sehemu kubwa ya jambo hilohilo bila mchanga.

Simulizi la Mtakatifu Maria wa Misri, ambaye Waorthodoksi humkumbuka Dominika ya tano ya Mfungo Mkuu, linaeleza desturi ya monasteri moja karibu na Yordani. Mwanzo wa Kwaresima wamonaki walisali pamoja, wakaombana msamaha, lango likafunguliwa, wakavuka mto. Ng'ambo walitawanyika, kila mmoja peke yake. Aliyemwona mwenzake kwa mbali alibadili njia. Mzee Zosima alikuwa mmoja wao, na huko ndiko alikomkuta Maria. Walirudi kwa ajili ya Dominika ya Matawi. Na kanuni ilikuwa kwamba hakuna anayemwuliza mwenzake alifungaje wala alifanya nini.

Ndicho jangwa linachonyang'anya: mashahidi. Camino ina mihuri na cheti, Yerusalemu ina picha, hata Roma ina wenzako wa asubuhi. Jangwani hakuna atakayejua. Kwa hiyo silipendekezi kwa kila mtu. Aliye katika huzuni nzito, aliyefiwa karibuni, mwenye vita kichwani visivyotulia, asiende kukaa kimya siku kumi bila mtu wa kumwongoza. Kimya hakichagui kitakachokiamsha ndani yako. Aanze na siku mbili, na awe na padre au mtawa wa kuzungumza naye kila siku.

Kubaki

Mwenye mgonjwa wa kuuguza, mtoto mchanga au deni, jibu lake limeshatolewa. Asipoteze usiku akitazama ramani. Na asijione amepewa cha pili. Njia ya Msalaba kanisani iliwekwa kwa ajili yake hasa. Vituo 14 vilienea magharibi kwa sababu wengi hawakuweza kufika Yerusalemu, na mwaka 1731 Papa Klementi XII aliidhinisha idadi hiyo na kuruhusu visimikwe katika makanisa yote. Mfransisko Leonardo wa Porto Maurizio alivisimika mahali zaidi ya 500, pamoja na Koloseo la Roma mwaka 1750. Hiyo Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu ya Koloseo, ambayo watu husafiri kwenda kuitazama, nayo ni nakala ya safari ya wasioweza kusafiri.

Napenda sharti moja lililobaki katika kanuni za rehema kamili (ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) ya Njia ya Msalaba: lazima usogee. Kutoka kituo hadi kituo. Ikiwa watu ni wengi na nafasi ni finyu, inatosha anayeongoza asogee, lakini lazima mtu atembee. Mgonjwa asiyeweza hupewa njia nyingine, kusoma na kutafakari Mateso kwa muda.

Sasa sadaka, ambayo wenye safari hawapendi kuigusa. Fedha ya tiketi ingeweza kwenda kwa nani? Sisemi kila hija ni uchoyo. Nasema swali hilo liulizwe kabla ya malipo, si baada. Njia moja ninayoiona ya haki ni kuweka pembeni kwa ajili ya maskini sehemu ya gharama inayoumiza, na kama haiwezekani, kufupisha safari mpaka iwezekane. Anayebaki naye asijisifu: mchango wa Ijumaa Kuu katika makanisa Katoliki hupelekwa Nchi Takatifu, kwa hiyo hata fedha yake inaweza kufika asikofika, akiitoa.

Kufunga nyumbani ni kugumu kuliko kote, kwa sababu unafunga mbele ya waleule, jikoni palepale. Kwa mtu ambaye kishawishi chake ni kukimbia watu wake, hili ndilo chaguo ningemsukumia, hata kama ana fedha na likizo.

Tarehe, kabla hujalipa

Kanisa la Magharibi na la Mashariki mara nyingi hayaadhimishi Pasaka siku moja, na hilo linabadilisha mengi. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Kwa Waorthodoksi na Wakopti Pasaka ni 2 Mei, na kwa Waorthodoksi wa Kigiriki Mfungo Mkuu huanza 15 Machi. Maana yake Yerusalemu itakuwa na Juma Kuu mara mbili, zikiachana kwa wiki tano. Mkatoliki anayekwenda Sinai Februari atawakuta Wagiriki hawajaanza mfungo wao mkuu. Anayetaka kufunga pamoja nao aende nusu ya pili ya Machi, ingawa basi atakuwa anakaribia Pasaka yake mwenyewe.

Mwaka huohuo 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago, kwa kuwa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, inaangukia Jumapili. Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la huko utakuwa wazi na njia itajaa, lakini msongamano mkubwa kwa kawaida ni wa kiangazi. Februari bado utapata nafasi, na baridi. Mwaka 2028 ni kinyume: Majivu ni 1 Machi, na Pasaka ya pande zote mbili ni 16 Aprili. Hapo Camino inafaa zaidi, kwa sababu Aprili milima inakuwa inafunguka na hosteli pia. Yerusalemu ya Juma Kuu mwaka huo itakuwa na Makanisa yote kwa mara moja chini ya paa moja. Anayeogopa umati aipange tarehe za mwanzo wa Machi. Anayehitaji viza ya Schengen kwa Roma au Hispania anaweza kupeleka maombi tangu miezi sita kabla ya safari, na asisubiri zaidi ya Krismasi.